Unatafuta kazi ya sayansi? Hivi ndivyo wasifu wako mtandaoni unavyoweza kumfikia mwajiri asiyekujua

"Kazi siku hizi ni koneksheni." Maneno haya utayasikia kwenye daladala, kwenye mahafali na kwenye magrupu ya WhatsApp ya waliomaliza chuo. Mhitimu wa biolojia, kemia, kilimo au maabara anayasikia zaidi, maana nafasi za fani yake zikitangazwa huwa mbili tatu, na waombaji ni foleni.

Kuna ukweli ndani yake. Ila koneksheni si lazima iwe mjomba aliye wizarani.

Mwaka 1973, mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alieleza kuwa watu wengi hupata habari za kazi kupitia watu wanaojuana nao kidogo tu, si ndugu wala marafiki wa karibu. Sababu ni rahisi: rafiki yako wa karibu anajua yale yale unayoyajua. Mtu wa mbali kidogo anajua ya kwingine.

Miaka karibu 50 baadaye, Septemba 2022, jarida la Science lilichapisha utafiti uliopima jambo hilo kwa watumiaji zaidi ya milioni 20 wa mtandao wa LinkedIn, kati ya mwaka 2015 na 2019. Matokeo: waliosaidia zaidi mtu kuhamia kazi mpya ni wale wanaojuana naye kiasi, si wa karibu kabisa na si wageni kabisa.

Hapo ndipo wasifu wa mtandaoni, au profaili kama wengi wanavyoita, unapopata maana. Kazi yake ni kumfanya mtu wa mbali akujue kiasi cha kutosha kukutaja siku nafasi ikitokea. Na kwenye sayansi, hatakutaja kama hana cha kuhakiki.

Kwanza, jua ni mlango gani unaubisha

Tusidanganyane. Kuna kazi ambazo LinkedIn haitakusaidia kuzipata.

Kwa Tanzania, ajira nyingi za serikali hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kwenye mfumo wa Ajira Portal. Huko unajaza taarifa zako, unapakia vyeti na barua, unasubiri usaili. Idadi ya watu uliounganishwa nao mtandaoni haihesabiwi. Kenya nayo ina Tume ya Utumishi wa Umma na utaratibu wake.

Wasifu wa mtandaoni una nguvu zaidi kwenye milango mingine:

- Miradi ya utafiti yenye ufadhili, ambayo huajiri kwa mkataba na mara nyingi kwa haraka.
- Taasisi kama Ifakara Health Institute ya Tanzania, KEMRI ya Kenya, ICIPE na ILRI za Nairobi, au World Vegetable Center iliyopo Arusha.
- Kampuni za dawa, mbegu, maji, chakula na vifaa vya maabara.
- Nafasi za masomo ya uzamili na uzamivu, ambako profesa humtafuta mwanafunzi mtandaoni kabla ya kumjibu.

Kama mlango wako ni serikali, hakikisha kwanza taarifa zako za Ajira Portal zimekamilika. Kama ni hiyo mingine, endelea kusoma.

"Mchapakazi na mwaminifu" haitoshi

Fungua wasifu wa wahitimu kumi wa sayansi. Wengi wameandika kitu kile kile: mchapakazi, anayejituma, anayefanya kazi vizuri na wenzake. Huenda ni kweli, lakini mwajiri hawezi kukihakiki.

Kiongozi wa maabara anataka kujua mambo matatu: unaweza kufanya nini kwa mikono yako, umekifanyia wapi, na nani anaweza kuthibitisha. Wasifu ukijibu hayo, umeshawapita wengi.

Anza na mstari ulio chini ya jina lako. LinkedIn inakupa herufi 220 hapo, na ndio mstari unaoonekana hata kabla mtu hajafungua ukurasa wako. Usiupoteze kwa kuandika "Natafuta kazi". Linganisha hizi:

- Dhaifu: Mhitimu wa shahada ya sayansi, natafuta ajira.
- Nzuri: Mteknolojia wa maabara, PCR na ELISA, sampuli za malaria.
- Nzuri: Mtafiti msaidizi wa kilimo, majaribio ya mahindi shambani, uchambuzi wa takwimu kwa R.

Tumia majina ya kazi na ya mbinu kama yalivyoandikwa kwenye matangazo unayoyataka. Wanaotafuta watu huandika maneno hayo kwenye kisanduku cha kutafutia. Kama umeandika "uchunguzi wa vinasaba" na wao wametafuta "PCR", hamtakutana. Na kwa kuwa matangazo mengi ya fani hizi hutoka kwa Kiingereza, wasifu wako pia uwe kwa Kiingereza, chepesi na sahihi. Mpe mwenzako anayekijua vizuri akusomee kabla hujauacha hadharani.

Baada ya hapo kuna sehemu ya kujieleza, yenye nafasi ya herufi 2,600. Huna haja ya kuijaza yote. Aya tatu zinatosha: unafanya nini, umefanya wapi, na unataka kufanya nini baadaye.

Ngazi tatu za ujuzi

Hapa ndipo wengi huumbuka. Mtu aliiona mashine ya PCR mara mbili akiwa field, akaandika ni mtaalamu. Anaitwa usaili na kuulizwa swali moja: "Sampuli yako ya udhibiti, ile isiyo na DNA, ikitoa majibu chanya utafanya nini?"

Aliyefanya kazi kweli anajua. Hiyo ni dalili ya uchafuzi, matokeo ya mzunguko huo hayaaminiki, unatafuta chanzo na kurudia. Aliyesimama pembeni anaanza kutafuta maneno.

Njia salama ni kugawa ujuzi wako katika ngazi tatu:

1. Nimeshuhudia. Nimeona ikifanywa na naelewa hatua zake.
2. Nimefanya nikisimamiwa. Nimeshika mwenyewe, mtu akiwa karibu.
3. Nafanya mwenyewe. Naweza kuanza asubuhi na kuleta matokeo jioni.

Weka ngazi ya tatu juu, ya pili ieleze wazi kwa neno "chini ya usimamizi", na ya kwanza iache nje au itaje kwa uaminifu. Ukiongeza idadi unayoikumbuka kwa hakika, kama vile sampuli ulizopima au ekari ulizosimamia, inasaidia zaidi. Kama hukumbuki idadi, usibuni.

Mwajiri anaweza kumfundisha mtu mbinu mpya. Asichoweza ni kumwamini tena mtu aliyemdanganya kwenye ukurasa wa kwanza.

Sina chapisho hata moja. Nifanyeje?

Wengi wanaomaliza shahada ya kwanza au diploma hawajawahi kuchapisha chochote kwenye jarida. Hiyo si aibu. Lakini una vitu ambavyo pengine umevifungia kabatini:

- Mradi wa mwaka wa mwisho. Andika swali ulilouliza, mbinu uliyotumia na ulichokipata, kwa sentensi tano. Kichwa cha mradi peke yake hakisemi kitu.
- Mafunzo kwa vitendo. Usiandike tu "nilikuwa field hospitali ya mkoa". Andika vipimo ulivyofanya.
- Bango au wasilisho. Ukiliweka Zenodo, hifadhi ya bure inayoendeshwa na kituo cha utafiti cha CERN, unapewa namba ya kudumu ya DOI ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua.
- Kodi na uchambuzi. Kama unatumia R au Python, weka kazi moja safi kwenye GitHub. Moja inayosomeka inashinda kumi zilizoachwa njiani.

Kabla hujaweka chochote, muulize msimamizi wako. Data za mradi mara nyingi si zako peke yako, na nyingine zina masharti ya maadili ya utafiti. Kuziweka hadharani bila ruhusa kunaweza kukufungia mlango ule ule unaoutafuta.

Namba 16 za kulinda jina lako

Fikiria jina kama Fatuma Ali au John Joseph. Ni wangapi wanalo Afrika Mashariki? Sasa ongeza kwamba chuoni uliandikwa majina matatu, kwenye ripoti ya mradi mawili, na kwenye kongamano herufi ya kwanza na ukoo tu. Mtu akikutafuta, anakusanya kazi za watu wanne na kukupa wewe nusu.

Dawa yake ni ORCID, utambulisho wa watafiti ulioanza kutolewa mwaka 2012. Ni namba ya tarakimu 16 (wengine hupata herufi X mwishoni, si kosa), ni bure, na kujisajili ni dakika chache hata kwa simu. Ukibadili jina, chuo au nchi, namba inabaki ile ile. Majarida mengi siku hizi huiomba unapotuma makala.

Chukua namba hiyo hata kama huna chapisho. Iweke kwenye CV, kwenye LinkedIn na chini ya barua pepe zako. Kisha chagua mwandiko mmoja wa jina lako na uutumie kila mahali, kwa mpangilio ule ule.

Mitandao mingine: upi ni wa nani?

Huhitaji kuwa kila mahali. Wasifu uliotelekezwa tangu mwaka wa pili wa chuo unakuchafua kuliko kutokuwepo.

- LinkedIn inamfaa kila mtu. Ilifunguliwa kwa umma mwaka 2003, na tangu 2016 inamilikiwa na Microsoft. Watu wa rasilimali watu wako huko.
- Google Scholar inakufaa ukishapata chapisho. Huonyesha makala zako na zimenukuliwa mara ngapi.
- ResearchGate, iliyoanzishwa mwaka 2008 na yenye makao Berlin, Ujerumani, ni ya watafiti. Inafaa kufuatilia kazi za profesa unayetaka kusoma chini yake. Angalia tu haki za jarida kabla ya kupakia makala nzima.
- GitHub ni ya wanaoandika kodi na kuchambua takwimu.

Mteknolojia wa maabara mwenye diploma anatosheka na LinkedIn peke yake. Anayelenga uzamili aongeze ORCID. Akaunti za bure zinatosha. Ukijaribu huduma ya kulipia ya LinkedIn kwa mwezi wa bure, kumbuka kuifuta kabla mwezi haujaisha, la sivyo kadi yako itakatwa.

Jinsi ya kumwandikia mtu asiyekujua

Huu ndio mwanzo wa koneksheni. Wengi hutuma ombi la kuunganishwa bila neno, au huandika "Naomba kazi mkuu". Mkuu anasoma, anapita.

Anza na wale mnaojuana kidogo: aliyekutangulia chuo miaka miwili, msimamizi wako wa field, mtu mliyekutana kwenye semina, fundi aliyekuja kuhudumia mashine za maabara mlipokuwa mafunzoni. Hao wanajua maabara ipi imepata mradi mpya kabla tangazo halijatoka.

Kisha ndipo uende kwa mtafiti usiyemjua. Mwombe kitu kidogo anachoweza kukujibu kwa dakika mbili. Mfano:

*"Habari za kazi, Daktari. Nimemaliza shahada ya sayansi ya wanyama mwaka jana, na mradi wangu ulihusu kupe wa ng'ombe. Nimesoma makala yako kuhusu ukinzani wa dawa za kuogeshea. Naomba kuuliza: kwa mtu anayeanza, ni mbinu gani ya maabara ungemshauri aijue kwanza? Nitashukuru kwa ushauri wako."*

Ujumbe huu una mambo manne: wewe ni nani, umefanya nini, umesoma kazi yake, na swali moja. Kazi haijaombwa. Akijibu, mshukuru, fanyia kazi alichosema, na umrudishie habari baada ya miezi miwili. Sasa mnajuana kiasi.

Akaunti ya bure ina idadi ndogo ya maombi yenye ujumbe kwa mwezi, hivyo chagua watu. Usipojibiwa, kumbusha mara moja baada ya wiki mbili, kisha mwache.

Angalizo moja. Utafiti ule wa LinkedIn ulionyesha pia kuwa watu wa mbali husaidia zaidi kwenye sekta zinazotumia sana teknolojia ya kidijitali. Kwenye sekta zisizoitumia sana, watu wa karibu ndio walisaidia zaidi. Kwa hiyo anayetafuta kazi ya uchambuzi wa data apige hodi mbali. Anayetafuta kazi ya benchi la maabara au shambani asimsahau msimamizi aliyemwona akifanya kazi. Simu ya msimamizi huyo bado ina uzito.

Fremu ya kijani: uiweke au uiache?

LinkedIn ina kitufe cha kutangaza kuwa uko tayari kwa kazi. Kina njia mbili. Moja inaonyesha fremu ya kijani kwenye picha yako kwa kila mtu. Nyingine inaonekana kwa maofisa ajira wanaotumia huduma maalumu ya kutafuta watu.

Kama huna kazi, iweke tu. Kama unayo na bosi hajui kuwa unatafuta nyingine, tumia njia ya pili, ukijua kuwa LinkedIn yenyewe inasema haiwezi kuhakikisha siri hiyo kwa asilimia 100.

Jambo jingine la kujua: ukifungua ukurasa wa mtu, anaweza kuona kuwa umepita, isipokuwa umebadili mipangilio. Usiogope. Mtafiti akiona mhitimu wa fani yake amepita, huenda naye akapita kwako. Ndiyo maana nyumba iwe imefagiliwa.

Matapeli nao wanasoma wasifu wako

Ukishaandika kuwa unatafuta kazi, na wao wamesikia. Dalili zao ni hizi:

- Unaambiwa umepata kazi bila usaili, au usaili wote ni wa kuchati.
- Unadaiwa hela ya fomu, ya kupima afya, ya viza au ya "kushughulikia faili".
- Barua pepe haitoki kwenye anwani ya taasisi wanayoitaja.
- Wanataka namba ya NIDA, picha ya pasipoti au taarifa za benki kabla hujakutana na mtu.

Hakiki hivi: nenda mwenyewe kwenye tovuti ya taasisi, usifuate linki waliyokutumia, uangalie kama tangazo lipo. Piga simu iliyoandikwa huko. Kwenye LinkedIn, fungua taarifa za akaunti ya aliyekuandikia, utaona ilifunguliwa lini. "Meneja ajira" mwenye akaunti ya wiki tatu ni wa kukimbiwa. Taasisi makini haikuuzii nafasi ya kazi. Ukidaiwa hela, hapo hakuna kazi.

Vya kutoweka hadharani

Vyeti vyako vizima, namba ya kitambulisho na anwani ya nyumbani visionekane. Simu itoe kwa anayeihitaji.

Na picha za maabara: kabla ya kubandika, kuza picha uitazame vizuri. Je, kuna jina la mgonjwa kwenye chupa ya sampuli? Namba ya faili? Daftari la matokeo nyuma yako? Picha moja ya kujipiga ukiwa na koti jeupe inaweza kutoa siri ya mtu aliyekuja kupima akiamini haitatoka. Mwajiri wa sayansi akiiona, hatakuita.

Nusu saa ya leo

Bando lako likiwa dogo, fanya haya tu:

1. Badili mstari ulio chini ya jina: fani, mbinu mbili, eneo la kazi.
2. Weka picha yenye mwanga, uso unaonekana, wewe peke yako.
3. Andika sentensi tano kuhusu mradi wako wa mwaka wa mwisho.
4. Chukua namba ya ORCID.
5. Washa arifa za kazi kwa maneno ya fani yako, zije kwa barua pepe.
6. Mwandikie mtu mmoja mnayejuana kidogo. Msalimie, mwambie unafanya nini sasa, muulize swali moja.

Wiki ijayo mwandikie mwingine. Usihesabu walioshindwa kujibu. Wasifu hauajiri mtu. Ila siku mradi utakapohitaji mtu wa kuanza Jumatatu, na mtu mmoja mezani akasema "kuna kijana namfahamu kidogo, hebu mwangalieni", watafungua simu na kukutafuta. Kitakachokuwa kimeandikwa hapo ndicho kitakachokusemea.